Deni Letu kwa Marehemu Wasio Wetu



Jina la Thesalonike si geni katika makazi yetu. Kila tunapozika, kabla udongo haujarudishwa kaburini, tunafungua barua ya kwanza ya Paulo kwa Wathesalonike, sura ya nne, pale anapowafariji waumini wa mji ule juu ya ndugu zao waliotangulia kufa. Walikuwa na wasiwasi: je, hao waliokufa wataikosa siku ya Bwana? Paulo akawajibu kwamba hapana, tena wao ndio watakaofufuka kwanza. Barua hiyo iliandikwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo. Ni mojawapo ya maandiko ya kwanza kabisa ya Agano Jipya, na swali mojawapo kubwa ndani yake ni hilo la wafu.

Wengi wetu tunausoma mji ule kana kwamba ulikwisha pamoja na Biblia. Haukwisha. Upo hata leo kaskazini mwa nchi ya Ugiriki, kando ya bahari, na watu wake wanauita Thessaloniki. Na katika mji huohuo yalitokea mambo juu ya wafu ambayo tunaona ni vema familia zetu ziyajue, hasa mwaka huu, maana swali linalofanana na hilo limefika mlangoni petu. Tutalifikia.

Paulo alipoingia Thesalonike alikuta Wayahudi na sinagogi lao, akahojiana nao kwa sabato tatu. Tunayasoma hayo katika Matendo 17. Lakini wengi wa Wayahudi tunaotaka kuwaongelea walifika huko baadaye sana, tena walifika kama sisi tulivyofika hapa. Mwaka 1492 mfalme na malkia wa Uhispania, Ferdinand na Isabella, walitoa amri kwamba kila Myahudi abatizwe au aondoke nchini. Tuseme wazi, hao walikuwa Wakristo. Walitoa miezi minne tu. Mtu aliuza shamba la mizabibu kwa bei ya kutupa, na dhahabu na fedha alikatazwa kuvuka nazo. Ninyi mliouza mbuzi watatu kwa bei ya kuku usiku ule wa kuondoka hamhitaji kufafanuliwa.

Sultani wa Waturuki, Bayezid wa Pili, aliwafungulia mlango, na maelfu wakateremkia Thesalonike. Wakajenga masinagogi yao, wakafanya kazi ya kufuma sufu na kupakua mizigo bandarini, wakazaa, wakafa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wao ndio walikuwa jamii kubwa kuliko zote mjini, hata bandari ilifungwa siku ya sabato kwa sababu wapagazi na wenye mashua walikuwa Wayahudi. Na zaidi ya miaka 400 baada ya kufukuzwa, vitukuu vyao walikuwa bado wanaongea, wanaimba na kugombana kwa Kihispania cha zamani. Wazazi wanaolalamika kwamba watoto waliozaliwa hapa wanaisahau lugha ya nyumbani wapate moyo kidogo.

Wafu wao waliwazika nje ya ukuta wa mji, upande wa mashariki. Karne kwa karne uwanja ule ulipanuka mpaka ukafikia hekta 35 hivi, yaani karibu viwanja hamsini vya mpira vikiwekwa pamoja. Wanahistoria wanakadiria kwamba kulikuwa na makaburi zaidi ya 300,000. Yalikuwa yamesongamana, jiwe juu ya jiwe, marumaru iliyochongwa jina la mtu, siku yake ya kufa, na mara nyingi maneno machache ya kumsifu. Humo walilala marabi wakubwa na waganga, na pia wavuvi, wajane na watoto wachanga.

Hapa inatupasa tueleze jambo moja kuhusu desturi ya Wayahudi, la sivyo hatutaelewa uzito wa yale yanayofuata. Kwao kaburi halina muda wa kuisha. Halikodishwi, wala halifukuliwi baada ya miaka fulani ili mwingine alazwe. Ardhi ile ni ya marehemu mpaka ufufuo. Makaburi wanayaita kwa Kiebrania nyumba ya milele, na pia nyumba ya walio hai, jina ambalo Mkristo anayeamini ufufuo angepaswa kulipenda. Tena wana fundisho kwamba wema anaotendewa marehemu ndio wema wa kweli kuliko wote, kwa sababu marehemu hawezi kulipa. Ukimpa jirani unga leo, moyoni unajua kesho utamwomba chumvi. Ukimwosha maiti, ukamchimbia kaburi, hakuna unachotegemea kutoka kwake. Fundisho hilo walilichota katika Mwanzo 47, pale Yakobo mzee, mkimbizi wa njaa katika nchi ya Misri, anapomwapisha Yusufu asimzike ugenini.

Tuendelee na mji. Mwaka 1912 Wagiriki waliuchukua kutoka kwa Waturuki. Mwaka 1917 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, watu kama 70,000 wakakosa makao, wengi wao Wayahudi. Kisha mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu kwa dini zao. Waislamu wa Ugiriki wakahamishiwa Uturuki, na Wakristo wa Uturuki, zaidi ya milioni moja pamoja na wale waliokuwa wamekwisha kukimbia vita, wakaja Ugiriki. Zaidi ya 100,000 wakakaa Thesalonike. Walifika na vifurushi, na makaburi ya baba zao wameyaacha ng'ambo ya bahari mikononi mwa wageni. Walihitaji nyumba. Mji ukapanuka kuelekea mashariki, na makaburi ya Wayahudi, ambayo zamani yalikuwa nje, yakajikuta katikati ya mitaa mipya. Chuo kikuu kikafunguliwa jirani nayo mwaka 1926, nacho kikahitaji nafasi.

Kwa miaka mingi wakubwa wa mji walitaka uwanja ule uondolewe, na jumuiya ya Wayahudi walikataa. Walijadiliana. Mwaka 1937 wakafikia mapatano: sehemu ipewe chuo, na wafu wapya wazikwe mahali pengine, lakini makaburi yaliyobaki yasiguswe. Tunalitaja hili kwa makusudi. Ulikuwepo mgogoro wa kweli wa ardhi, kama migogoro tunayoijua sisi, na ulikuwa unatafutiwa njia kwa mdomo, watu wameketi mezani.

Halafu ikaja vita. Jeshi la Ujerumani liliingia mjini mwaka 1941. Tarehe 11 Julai 1942, siku ya sabato, wanaume Wayahudi karibu 9,000 walikusanywa katika uwanja wa Eleftherias, jina ambalo maana yake ni uhuru, wakasimamishwa juani masaa mengi, wakapigwa, wakadhihakiwa. Maelfu wakapelekwa kazi za shuruti, na wengi wakafa huko. Jumuiya ikawa inahangaika kuwakomboa vijana wake kwa fedha nyingi, na habari ya makaburi ikaingizwa humohumo katika majadiliano, kama nyongeza ya bei. Tarehe 6 Desemba 1942 kazi ya kuvunja ilianza. Ruhusa ilikuwa ya Wajerumani. Mkono ulikuwa wa manispaa ya mji. Familia zilikimbia na magunia kuokoa mifupa ya wazazi wao, wachache wakafanikiwa. Majuma machache tu, na uwanja ule wa karne nyingi ukageuka kama machimbo ya mawe.

Na mawe yalipata wateja! Yalitandikwa katika njia na nyua, yakajengea kuta, vyoo, na bwawa la kuogelea la askari. Wajenzi wa kawaida waliyanunua. Hata baada ya vita kuisha, yalipokuwa yamezagaa kila mahali, yaliendelea kutumika, na baadhi yakaingia katika ukarabati wa kanisa la Agios Dimitrios, kanisa la mtakatifu mlinzi wa mji, lililokuwa limeharibiwa na ule moto wa 1917. Mahali pa sala pa Wakristo pakatengenezwa kwa mawe yenye majina ya Wayahudi.

Miezi mitatu tu baada ya kuvunjwa makaburi, tarehe 15 Machi 1943, treni ya kwanza iliondoka Thesalonike kwenda Auschwitz, nchini Poland. Mpaka Agosti mwaka ule zaidi ya watu 45,000 walikuwa wamepelekwa, na karibu wote waliuawa. Hao hawakupata kaburi lolote. Waliokutwa hai mjini baada ya vita, pamoja na waliojificha milimani, hawakufika 2,000, na walipotembea barabarani waliweza kusoma chini ya miguu yao jina la mtu wa ukoo wao. Juu ya uwanja wa makaburi chuo kikuu kilijenga madarasa yake, na ndipo kilipo mpaka leo, chenye jina la Aristotle, mwanafalsafa aliyeandika vitabu juu ya wema.

Sasa tuulize: kosa la mawe yale liko wapi hasa? Kwa habari ya mauaji hakuna anayeuliza. Lakini juu ya mawe tumekwisha kusikia watu wema, tena waliookoka, wakijibu kwamba hapo hakuna dhambi kubwa. Wana hoja zao, na tusizidharau.

Wa kwanza atasema: marehemu haoni, hasikii, hana maumivu. Mungu atakayemfufua hahitaji jiwe la kumwonyesha mahali. Aliyeliwa na samaki atafufuka, aliyechomwa moto atafufuka. Hiyo ni kweli na tunaihubiri. Lakini inajibu swali la nguvu za Mungu, haijibu swali la wajibu wetu. Angalieni tunavyofanya wenyewe. Kwenye mazishi, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: kama kuna mtu anamdai marehemu, aje kwa familia, na kama kuna mtu marehemu alikuwa anamdai, naye ajitokeze. Kwa nini tunatangaza hivyo, ikiwa marehemu amekwisha toka katika hesabu? Tunakiri kwa vinywa vyetu kwamba kifo hakifuti deni. Basi kama anayodaiwa marehemu yanabaki, na anayodai yeye yanabaki vilevile. Tulipomshusha tulimwahidi kitu, hata kama hatukusema neno: utalala hapa, na sisi tutajua kwamba ni hapa. Yeye alikufa akiamini hivyo. Anayevunja jiwe haumizi mifupa, anavunja ahadi, na ahadi haioshwi kwa sababu aliyeahidiwa amenyamaza. Tungesema kinyume chake: amana ya asiyeweza kuuliza ndiyo inayoonyesha kama mtunzaji ni mwaminifu.

Wa pili atasema: walio hai kwanza. Mtoto analala kwenye matope, na wewe unalinda marumaru ya mtu aliyekufa miaka 300 iliyopita? Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza, na anayeidharau hajawahi kulala chini ya turubai lililotoboka. Bwana wetu mwenyewe alimwambia mtu mmoja awaachie wafu kazi ya kuzika wafu wao. Hatuwezi kusema kwamba kaburi lisihamishwe kamwe. Makaburi huhamishwa ikipita barabara au mto ukibomoa kingo, na ndugu wakiitwa, wakakubali, mifupa ikapelekwa kwa heshima na mahali papya pakajulikana, hatuoni aliyeonewa. Yusufu mwenyewe alihamishwa. Musa alibeba mifupa yake kutoka Misri, ikatembezwa jangwani miaka 40 na watu waliokuwa hawana hata maji ya kutosha, mpaka ikazikwa Shekemu, Yoshua 24. Kama kuna watu wangeweza kusema walio hai kwanza, ni wale!

Lakini mtazameni Ibrahimu katika Mwanzo 23. Sara amekufa. Ibrahimu anawaambia Wahiti kwamba yeye ni mgeni tu kati yao, hana ardhi. Wao kwa adabu wanamruhusu achague kaburi lolote lililo bora, na Efroni anamwambia achukue bure. Anakataa. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, kila mtu anaona, ndipo anazika. Mhitaji alikuwa yeye, mgeni alikuwa yeye, msiba ulikuwa wake, na bado hakutaka uhitaji wake umpe kitu ambacho mwenyewe hakukiachilia mbele za watu. Uhitaji unatupa haki ya kuomba. Hautupi haki ya kuchukua wakati mwenye mali amefungwa mdomo.

Na hapo tunaona ndipo kosa la Thesalonike lilipo. Mahitaji ya mji hayakubadilika kati ya 1937 na 1942. Chuo kilikuwa kilekile, wakimbizi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja wa meza haukuweza tena kusema hapana. Mgogoro haukumalizwa kwa haki, ulimalizwa kwa nafasi iliyopatikana. Tunaogopa sana neno hilo, nafasi. Wengi wa waliotuchukulia mashamba hawakuwa majambazi. Walikuwa majirani. Walitusalimia miaka yote, na mpaka wa shamba walikuwa wakitulalamikia kwa heshima. Kisha tukakimbia, wakapata nafasi.

Wa tatu atasema, labda kwa sauti ya chini: hawakuwa watu wetu, walimkataa Kristo. Huyu tunamjibu kwa Amosi 2. Mungu anatangaza hukumu juu ya Moabu, na kosa linalotajwa ni kwamba Moabu aliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu mpaka ikawa chokaa. Someni tena mtazame ni nani na nani. Moabu ni wa mataifa, Edomu ni wa mataifa, Israeli haimo kabisa katika kesi ile. Maiti ya mpagani imeharibiwa na mpagani mwingine, na Mungu wa Israeli anasema ameona na hatasamehe bure. Basi itakuwaje kwa Mkristo anayetandika sebule yake kwa jiwe la Myahudi, ndugu yake Bwana Yesu kwa mwili?

Kuna la nne, ambalo halisemwi mara nyingi lakini ni la haki. Baadhi ya mawe yale ya Wayahudi yalikuwa yametumika tayari. Upande mmoja jina la Kiebrania, upande wa nyuma michoro au maandishi ya kaburi la Wayunani au Warumi wa kale. Kumbe nao walikuwa wamechukua mawe ya wafu wa wengine! Mtu aweza kusema basi, dunia yote ni kujengea juu ya kaburi la mwenzako, nani asafishe mikono? Tumelifikiri hili kwa muda mrefu na hatuna jibu lililonyooka kama kamba ya mwashi. Jiwe lililookotwa shambani, ambalo watu wake, lugha yao na miungu yao vimekwisha kutoweka zaidi ya miaka elfu, haliko sawa na jiwe ambalo mjukuu wa mwenyewe anaishi mtaa wa pili na anapita akilia. Lakini kati ya hayo mawili kuna mengi, na hatujui mstari tuuchore wapi. Tunajua tu kwamba 1942 haikuwa karibu na mstari.

Inatupasa tuseme pia kwamba mji ule haukunyamaza mpaka mwisho. Kabla ya vita, wanazuoni Wayahudi Isaac Emmanuel na rabi Michael Molho walikuwa wamejishughulisha kunakili maandishi ya mawe mengi, kazi ya kuinama juani na daftari. Kwa sababu yao tunajua majina ambayo nyundo ingeyafuta moja kwa moja. Na Novemba 2014, zaidi ya miaka 70 baada ya kuvunjwa, ukumbusho ulisimamishwa ndani ya uwanja wa chuo kikuu, na meya wa wakati ule, Yiannis Boutaris, alisema mbele ya watu kwamba mji unaona aibu kwa kimya chake kirefu. Mawe mengine yamekuwa yakichimbuliwa katika ujenzi na kurudishwa kwa jumuiya ya Wayahudi. Wengine watauliza faida ya aibu iliyochelewa miaka 70. Sisi tungeipokea, hata ikichelewa, kama ingetoka kwa watu wa kule tulikotoka.

Sasa mlango wetu. Mnajua kwamba kanisa letu limechimba msingi, na kwamba mvua zinakaribia. Mnajua pia kwamba upande wa bondeni, nyuma ya mashamba ya block ya mwisho, kuna makaburi ya wakimbizi waliokaa hapa kabla yetu, ambao walirudi kwao miaka mingi iliyopita. Makaburi yale yamezungushiwa mawe mazuri, mengine yamejengewa kwa mawe ya kuchonga. Katika kikao cha ujenzi lilitolewa wazo kwamba mawe yale yatatosha nusu ya msingi, kwamba hakuna anayeyatembelea, na kwamba nyumba ya Mungu si choo wala bwawa la kuogelea. Aliyetoa wazo si mtu mbaya. Ana watoto sita wanaosali juani kila Jumapili pamoja nasi.

Wazee wa kanisa walizungumza kwa jioni mbili. Mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, aliuliza: hao waliorudi kwao, siku mjukuu wao akija na basi kuuliza babu amelala wapi, tutampeleka akae benchi la mbele? Hakuna aliyecheka. Wengi wetu tuna baba, mama au mtoto aliyeachwa kando ya njia Fizi, Masisi, Rutshuru au Ituri, wengine chini ya mwembe, wengine bila hata alama ya fimbo. Nehemia, mbele ya mfalme wa ugenini, alipoulizwa sababu ya uso wake kuwa na huzuni, alitaja mji wenye makaburi ya baba zake. Hakuanza na nyumba yake wala shamba lake. Tunamwelewa. Kila usiku kuna mtu katika makazi haya anayemwombea mtu asiyemjua, anayelima sasa shamba letu kule, kwamba Mungu amguse alizungushe jembe pale kwenye mwinuko ule. Hatuwezi kuomba hivyo usiku na asubuhi tukabebe mawe ya mwenzetu.

Kwa hiyo imekubaliwa kwamba mawe ya bondeni hayataguswa. Lori moja la mawe ni ghali kuliko sadaka yetu ya miezi miwili, na hatutaificha habari hiyo: msingi hautakamilika kabla ya mvua, na tutaendelea kusali chini ya turubai kwa msimu mmoja zaidi, labda miwili. Mawe ya mtoni tumeruhusiwa na wenyeji kuyachukua. Kazi itaanza Jumamosi saa moja asubuhi, vijana waje na mikokoteni, akina mama na ndoo. Ndugu ambao mashamba yao yanapakana na makaburi yale wanaombwa waache hatua tatu bila kulima. Na katibu wa kanisa amenunua daftari gumu la kurasa 200. Kila familia ifike kwake baada ya ibada, iandikishe majina ya marehemu wake wa huko tulikotoka na wa hapa, pamoja na mahali walipolala, kwa kadiri mnavyokumbuka: kijiji, mto, mti, jina la mwenye shamba. Wasiojua mahali waandikishe jina peke yake.